Boksi Lililotoka Horohoro

Ushongo, Pangani
14 Januari 2025

Kwa Hisham,

Assalaamu alaykum. Sisi huku ni wazima. Mama yuko Chumbageni, miguu inamvimba lakini bado anakataa kuhamia kwangu. Mwanangu Tuhfa ameingia kidato cha pili, yuko bweni. Amerefuka mpaka mabuibui yangu yanamwenea. Hizo ndizo habari.

Mwaka na nusu sasa tangu nikuone mahakamani, na barua zako nne zimenifika. Sikuzijibu, na leo siandiki ili kuzijibu. Naandika kwa sababu ya boksi.

Polisi walipotukabidhi vitu vya marehemu mume wangu Luqmani, pamoja na saa na viatu walinipa boksi dogo jeupe, kona moja imebonyea. Ndilo mlilolifuata wewe na Luqmani mpakani Horohoro siku ile, lililoletwa na rafiki yake wa Mombasa. Nililiweka chini ya kabati, sikuligusa tena. Sasa shule yetu imepewa skrini na kibodi na watu waliofunga hoteli yao hapa pwani, na Mwalimu Mkuu amenijia nyumbani. Akaniambia kwa adabu, "Mwalimu Buthaina, mwenzetu Luqmani alituahidi maktaba ya kompyuta. Kile kidude chake kipo?" Sikuweza kusema hakipo.

Nimelifungua. Ndani mna kibao cha kijani, ukubwa wake kama kitambulisho cha taifa, kina matundu pembeni na vyuma vidogo kama meno ya kitana. Hakina hata mfuniko. Nimekiunganisha na skrini na umeme, taa nyekundu ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Najua alitaka kukitia mfumo wa kukiendesha, kisha vitabu na masomo, watoto wasome bila kuhitaji intaneti. Namna ya kufanya hakuiandika popote. Fundi kompyuta ulikuwa wewe. Nieleze hatua kwa hatua, kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu.

Usiniandikie jambo jingine.

Buthaina


Gerezani, Bara
9 Februari 2025

Dada Buthaina, shikamoo.

Nimepokea barua yako na ninamshukuru Mungu kwa afya zenu. Mimi ni mzima. Nimepangwa bustani ya mboga, na mchana nawafundisha wenzangu hesabu. Zamu yangu ya kuandika huja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo ukiona kimya usidhani nimepuuza.

Ulivyotaka ndivyo nitakavyofanya. Nitaandika habari za kibao tu.

Kibao chako ni kompyuta kamili, ila ubongo wake hauna kitu. Taa nyekundu inakwambia umeme umeingia, basi. Pembeni yake kuna taa ya kijani, hiyo ndiyo huchezacheza kompyuta inaposoma. Isomayo ni memori kadi ndogo kama za simu, inachomekwa tumboni mwa kibao. Nunua mpya, ya gigabaiti thelathini na mbili, na mwambie muuzaji aijaribu mbele yako, maana kadi za uongo ni nyingi.

Mfumo alioutaka Shemeji ni mfumo huria. Waliouandika hawauuzi. Wamewaachia watu wautazame ndani, waurekebishe, wampe mwingine. Alipenda sana jambo hilo. Utaupakua kwenye kompyuta yenye intaneti, ni faili moja kubwa, kisha utauweka kwenye kadi, kadi uiingize kwenye kibao, uwashe. Mashine itakuuliza nchi, lugha, saa, kisha jina la mtumiaji na neno la siri. Neno hilo usiniandikie, kwa kuwa barua zetu husomwa na askari kabla hazijatufikia. Anayesoma zangu anaitwa Afande Daniel. Ni mtu muungwana, lakini neno la siri ni lako.

Msalimie Mama. Tuhfa nisalimie kama utaona inafaa.

Ndugu yako,
Hisham


Ushongo
20 Machi 2025

Hisham,

Assalaamu alaykum na Ramadhani njema. Mama anafunga ingawa daktari amemkataza, na kila nikimwambia anajifanya hasikii. Tuhfa alikuwa na malaria, amepona. Salamu zako sikumpa.

Nilikwenda Pangani mjini kwa Sele, yule mwenye duka la fotokopi karibu na kivuko. Kompyuta yake ni nzito, na kupakua lile faili kulichukua siku mbili, umeme ukikatika tunaanza upya. Mwisho likaja lote. Nikaliweka kwenye kadi kama ulivyosema, nikarudi Ushongo, nikachomeka. Taa nyekundu. Ya kijani haikucheza hata mara moja. Walimu wenzangu wanne walikuwa wamesimama nyuma yangu, na Mwalimu Mkuu alikuwa ametandika kitambaa mezani. Nikasema labda kadi ni mbovu. Wakaondoka mmoja mmoja.

Uliandika kana kwamba ni rahisi. Hata siku ile ulisema ni rahisi. Uliniambia hapahapa barazani, "Dada, ni kwenda na kurudi, saa kumi na moja tuko kwako, tunafuturu pamoja."

Jumatatu itatimia miaka miwili kwa tarehe tangu ajali. Ilikuwa siku ya kwanza ya mfungo. Mahakamani ulikiri kuwa ulikuwa na simu sikioni huku unaendesha. Hakimu akakuuliza nani alikupigia, ukasema mteja. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili.

Nieleze kwa nini taa haichezi.

Buthaina


Gerezani
13 Aprili 2025

Dada yangu, shikamoo.

Eid imepita, natumaini mliisherehekea salama. Huku tulipewa pilau na tukaswali uwanjani. Ninamwombea Tuhfa afya.

Kosa ni la kwangu, nilieleza vibaya. Nilisema "utauweka" kwenye kadi, nawe ukaweka, kama mtu anavyoweka picha. Mfumo hauwekwi hivyo. Ukilinakili faili, kadi inakuwa imebeba boksi lililofungwa, na kibao hakina mikono ya kulifungua. Lazima faili liandikwe, yaani kuna programu maalumu ya bure ambayo hulifungua na kulitandaza juu ya kadi nzima, sehemu kwa sehemu, ndipo kibao kipate pa kuanzia. Mwambie Sele atafute programu ya kuandikia kadi. Kilichomo kwenye kadi kitafutika chote, usishtuke. Ikimaliza kuandika itajikagua yenyewe. Usiichomoe kabla haijamaliza kujikagua. Hapo ndipo wengi hukosea kwa haraka.

Afande Daniel alipoisoma barua yako aliniita. Nilidhani kuna tatizo. Akaniuliza, "Sasa huyo dada yako afanyeje ili taa icheze?" Nikamchorea kwenye udongo kwa kijiti. Tangu hapo kila akinipita bustanini ananiuliza kama kuna barua.

Lile jambo la mahakamani, Dada, liache lilivyo. Hukumu imeshatoka.

Hisham


Ushongo
2 Juni 2025

Hisham mdogo wangu,

Assalaamu alaykum. Mama alilazwa siku tatu, presha, sasa yuko kwangu. Amekubali kuhama kwa sharti kwamba chungu chake cha kukaangia vitumbua kije naye. Kimekuja. Amesikia kuwa tunaandikiana, akalia kisha akauliza kama huko wanakupa samaki.

Taa imecheza.

Sele aliipata ile programu. Tuliandika, ikajikagua, sikuchomoa. Shuleni niliwasha nikiwa peke yangu, safari hii sikumwita mtu. Taa ya kijani ikaanza kuchezacheza, skrini ikaonyesha mraba wa rangi nyingi, kisha mistari ya maandishi ikawa inapanda mbio. Nilishika meza. Nilisema kwa sauti, "Luqmani, tazama," na chumba hakikuwa na mtu.

Kisha kompyuta ikazimika. Ikajiwasha. Ikazimika. Kila ikikaribia kufika, juu pembeni hutokea alama ya radi ya njano, halafu inarudi mwanzo. Chaja ni ya simu yangu.

Sasa nikuulize. Umeniambia niliache lile jambo, na nimejaribu. Lakini kwa nini ulisema mteja? Unajua si mteja. Mimi pia najua. Niambie kwa nini.

Dada yako,
Buthaina


Ushongo
19 Agosti 2025

Hisham,

Assalaamu alaykum. Miezi mitatu inakaribia, sijapata jibu. Nimeipigia simu ofisi ya gereza, wakasema uko na u mzima. Basi hutaki kujibu. Nitasema mimi.

Kwanza ya kibao. Sele alinielewesha kuwa ile radi maana yake umeme hautoshi. Chaja ya simu ni dhaifu na waya ulikuwa mwembamba. Alinipatia nyingine, nzito. Jana ilifika mwisho. Skrini ikatulia, ikaniuliza nchi, nikachagua Tanzania. Lugha, Kiswahili kilikuwepo. Ikaniuliza jina la mtumiaji. Nikaandika la Luqmani, nikalifuta, nikaandika la shule. Nilikaa pale muda mrefu, vidole juu ya kibodi. Nilikuwa najiuliza mimi ni nani wa kumaliza kazi yake wakati nimewaficha watu kilichomtoa duniani.

Aliyekupigia ni mimi.

Simu ya Luqmani ilikuwa imeisha chaji, nikapiga yako. Uji ulikuwa unapoa, wageni wamekaa jamvini, adhana imekaribia, na mimi nimekasirika kwa sababu mlisema saa kumi na moja. Ulipopokea sikukusalimia hata. Nilisema, "Mko wapi nyinyi? Mpe Luqmani simu." Nikasikia sauti yake kando yako, maneno sikuyashika. Kisha nikasikia kishindo. Nikaita, "Hisham! Hisham!" mpaka laini ikakatika.

Watu walipoleta habari nilikuwa nimeshajua. Nilishika simu mkononi siku zote tatu za matanga, na polisi aliyekuja hakuniuliza, nami sikusema. Halafu nikasimama mbele ya Mama na mbele ya shangazi zetu wote nikasema jina lako lisitajwe kwangu, kwamba damu ya mume wangu iko mikononi mwako. Shangazi Khairat alikuwa hapo. Walikuacha kwa sababu yangu. Hata siku ya hukumu nyuma yako alisimama Mama peke yake.

Nilipokusikia unasema "mteja" nilijua kuwa unanificha. Sikukushukuru. Nilikuchukia zaidi, kwa kuwa kila mara nilipokumbuka ulivyosema neno lile nilijiona.

Sasa nimelisema. Huyo afande wako naye asome.

Buthaina


Gerezani
21 Septemba 2025

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Mwambie Mama samaki tunapata, dagaa, na mimi mwenyewe nimejaza mwili kidogo kwa kazi ya bustani. Alhamdulillahi.

Ile barua yako ya mwezi wa sita niliijibu mara tatu. Zote nimezichana. Zamu yangu ya kuandika ilikuja, nikaandika, nikachana, zamu ikapita. Hii ya nne nimempa Afande Daniel kabla sijapata nafasi ya kuichana. Ameisoma, ameikunja, akaniuliza swali moja tu: "Una hakika?" Nimesema ndiyo, na amenirudishia kidogo niongeze mistari hii pembeni.

Nilisema mteja kwa sababu wakili alinionya kuwa aliyepiga angeweza kuitwa kizimbani. Nilikuona umekaa mstari wa pili, una eda, na Tuhfa amelaza kichwa mapajani mwako. Sikuona faida. Hiyo ni sababu moja na ni ya kweli. Lakini si yote, na kwa sababu umejifunua mbele yangu, na mimi lazima.

Ulisema ulisikia sauti ya Luqmani usiyashike maneno yake. Mimi niliyashika. Simu ilipolia ilikuwa juu ya dashibodi. Yeye alikuwa amepakata lile boksi, amelifungua kidogo anachungulia, ananieleza atakavyowapanga watoto wa darasa la tano wawili wawili. Akaona jina lako kwenye kioo cha simu. Akacheka, akasema, "Leo tumekwisha." Akanyoosha mkono, akasema, "Nipe mimi nizungumze naye, wewe shika usukani."

Sikumpa. Nilitaka kukutania. Nilitaka niseme ndiyo kwanza tumefika Duga, karibu na mpaka, na bado tuko mbali. Nikasema, "Ngoja," nikaichukua mwenyewe, nikaweka sikioni. Akarudia, "Hisham, nipe mimi." Hiyo ndiyo sauti uliyoisikia. Kulikuwa na lori limeegeshwa kando, bila alama yoyote, nami nililiona limeshakuwa mbele ya macho yangu.

Hakimu hakuuliza, sikumwambia. Mama hajui. Barua zangu nne za mwanzo zote zilikuwa zimezunguka jambo hili bila kuligusa, na nilipoona hujibu nilishukuru, maana ungenijibu ningelazimika kusema.

Kwa hiyo Dada, kupiga simu ulipiga. Kila mke angepiga, ile saa na ile siku. Mtu mwenye akili aliniambia la kufanya mara mbili na mimi nikacheza. Ule mzigo ulioubeba miaka hii, nilijua ni wangu na nikauacha uubebe. Ni kwa hilo la pili nakuomba msamaha zaidi. Usinijibu haraka. Na usiponijibu kabisa nitaelewa.

Nimesahau kusema: hongera kwa chaja. Usikizime kibao kwa kuchomoa waya. Kizime kwanza kwenye skrini, usubiri taa ya kijani inyamaze. Vinginevyo kadi itaharibika.

Hisham


Ushongo
23 Novemba 2025

Hisham,

Assalaamu alaykum. Mama yu nasi, anakula, analala, anagombana na kuku wa jirani. Shangazi Khairat amekuja kukaa wiki mbili. Tuhfa amemaliza mtihani wake wa taifa wa kidato cha pili, yuko nyumbani.

Barua yako niliisoma mara moja nikaifungia. Ulisema nisijibu haraka, nami nisingeweza. Nilichukia, nisikufiche. Si lile la kuchukua simu lililoniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa na maneno yake ya mwisho miaka miwili na nusu, ukakaa nayo. "Leo tumekwisha," akicheka. Mimi nilikuwa naishi nikidhani alikufa akiwa amechoshwa na kelele zangu. Kwa miezi yote hiyo ungeniandikia mstari mmoja tu kwamba alicheka.

Nilikuwa nikienda shuleni nafundisha, narudi, sisemi na mtu. Mama akadhani naumwa. Siku moja nikiwa namsugua miguu kwa mafuta akaniuliza, "Mwanangu, nini?" Nikamwambia yote, yangu na yako, kwa pamoja, bila kupumzika. Nilidhani presha itampanda. Badala yake akasema, "Nilikuwa nawaona mmebeba kitu kimoja, kila mtu amekificha kwa mwenzake. Nilidhani ni chuki."

Shangazi alipokuja nikayarudia mbele yake, kwa kuwa mbele yake ndipo nilipokulaani. Alifunika uso kwa mtandio. Na Tuhfa nikamwambia baada ya mtihani. Yeye hakulia. Alikaa mlangoni, akauliza, "Mjomba atatoka lini?" Nikasema Inshaallah mwezi wa nne. Akasema, "Na mpaka sasa hatujaenda hata mara moja?"

Sijui kama hili ndilo linaloitwa kusamehe. Kuna siku naamka nimekusamehe na saa nne nimekasirika tena. Sitaki kukuandikia neno ambalo bado linanipanda na kushuka. Lakini jina lako linatajwa nyumbani sasa, na anayelitaja zaidi ni mimi.

Kibao kinafanya kazi. Sele alinisaidia kuingiza vitabu na masomo, na darasa la tano huingia wawili wawili. Juzi mmoja, mtoto wa mvuvi ambaye darasani hasemi, alisoma ukurasa mzima wa habari za moyo wa binadamu kwa sauti, na akatuuliza kwa nini haupumziki. Mwalimu wa sayansi alikwenda kutafuta jibu. Walimu wa shule ya jirani wamekuja kutazama, nao wana skrini mbili na hawajui pa kuanzia. Nimewaambia nitawafundisha. Kuna maswali manne yamenishinda, nimeyaandika kwenye karatasi, nitakuuliza uso kwa uso.

Tunakuja. Mama, mimi na Tuhfa, Jumamosi ya tarehe 6 Desemba. Nimeshapiga simu ofisini, wamesema siku hiyo wageni wanaruhusiwa. Aliyepokea alipotaja jina lake akasema Daniel. Akaniuliza, "Wewe ndiye wa kibao?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Njoo, mwalimu. Njoo mapema, foleni huwa ndefu."

Usijiandalie maneno. Mimi sijaandaa. Pengine nitakutazama tu, maana hata sura yako ya sasa siijui.

Wamesema tunaweza kukuletea sabuni, dawa ya meno na kandambili. Mama anasema mguu wako ni saba, mimi nasema ni nane. Tuandikie upesi, tumeshabishana vya kutosha.

Dada yako,
Buthaina